ANZIA MAJI YANAPOINGILIA

  

Neno la leo liko katika 2 Wafalme sura ya 2, mstari wa 19 hadi 22. Fungua Biblia yako usome mwenyewe, ni mistari minne tu. Watu wa Yeriko walimwendea nabii Elisha na malalamiko. Mji wao ulikuwa mahali pazuri, lakini maji yalikuwa mabaya na nchi haikuzaa. Sasa angalia Elisha alifanya nini. Hakuzunguka nyumba kwa nyumba akiombea mitungi. Hakuuliza ni nani aliyechota maji wa mwisho. Aliomba chombo kipya chenye chumvi, akatoka mpaka kwenye chemchemi yenyewe, akaitupa chumvi pale. Maji yakaponywa pale yanapoanzia, na kila mtungi wa mji ule ukapona bila kuguswa.

Mpendwa, wengi wetu tunaombea mitungi. Nyumba haina amani, tunaombea kelele. Maombi yamepoa, tunaongeza sauti. Kikundi kimeanza kuvunjika, tunatafuta mtu wa kufukuza. Na wakati huo wote hakuna aliyetembea mpaka chemchemi.

Leo nataka nikufundishe mistari hii kwa kutumia mashine ya kuoshea magari. Usicheke. Bwana wetu alifundisha kwa mbegu, nyavu na chachu. Angekaa hapa kwetu kando ya barabara ya Dadaab, nadhani pampu ya maji isingemkosa.

Kuna vijana sita hapa mjini walioanzisha kazi ya kuosha magari. Wanne ni wa kanisa letu. Wawili ni Waislamu, majirani waliokua nao mtaa mmoja na kusoma nao shule moja. Walichanga kidogo kidogo kwenye chama chao mpaka wakanunua mashine ya presha, ile yenye injini ya petroli, mkanda, na pampu ya pistoni tatu. Wanaosha Probox, bajaji, na malori yanayotoka Wajir na Dadaab yakiwa yamebeba vumbi mpaka huwezi kujua rangi yake. Mwenye lori namna hiyo hataki kitambaa na ndoo, anataka presha. Presha ikipotea, anawasha gari lake anaenda kwa jirani. Kwa hiyo mashine ile ni karo ya mdogo wa mmoja, ni dawa ya sukari ya mama wa mwingine, ni kodi ya nyumba ya wa tatu.

Sasa mashine ikaanza kuugua. Injini ilinguruma kama kawaida, pengine zaidi ya kawaida, lakini maji yalitoka dhaifu. Mpira mrefu ulirukaruka kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Mshale wa geji ya presha ulitetemeka bila kutulia. Vijana wakafanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: wakaongeza moto wa injini. Petroli ikaisha haraka, maji yakabaki vile vile. Ikapita wiki ya kwanza, ikapita ya pili, wateja wakapungua.

Penye hasara hapakosi mshtakiwa. Maneno yakaanza kwamba yule kijana mdogo zaidi, mmoja wa wale wawili Waislamu, ndiye aliyekuwa akifunga kazi jioni na kubaki na mashine. Tena ameonekana na simu mpya. Basi ikasemwa kwamba ametoa vipuri vizuri vya pampu akauza, akaweka vilivyochakaa. Hakuna aliyeona. Lakini maneno yalizunguka mpaka yakawa kama ushahidi. Wakaitisha mkutano, wakaniomba niwepo kama mzee, ili wamtoe kijana na kumnyima fungu lake, na mimi niufunge mkutano kwa maombi.

Mpendwa, nataka uone uzito wa jambo hili mahali tunapoishi. Sisi wa Garissa tunajua kushuku. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa yetu mawili katika mji huu yalivamiwa watu wakiwa kwenye ibada ya Jumapili. Tarehe 2 Aprili 2015 tulipoteza watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao watoto wa wenyewe waliokuja kutafuta elimu. Wako wanaosoma hapa ambao bado hulala vibaya mwezi wa Aprili ukifika. Maumivu kama hayo hufundisha jicho kumtazama jirani vibaya, na siwezi kumlaumu mtu kwa sababu moyo wake unashtuka.

Lakini kumbuka pia tarehe 21 Desemba ya mwaka huo huo wa 2015. Basi lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa karibu na El Wak, na wavamizi wakataka Wakristo watengwe. Abiria Waislamu walikataa kutengana nao. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, na akafariki kutokana na majeraha hayo Januari 2016. Yote mawili yametokea katika nchi yetu hii. Kwa hiyo kumfukuza kijana Mwislamu kazini kwa sababu ya tetesi hakutaishia kwenye uwanja wa kuoshea magari. Kutaingia nyumbani kwao, kutaingia sokoni, kutaingia mtaani, na siku moja kutahitaji kulipiwa.

Katika Yohana sura ya 7, wakuu walipokuwa wamekwisha kumhukumu Yesu mioyoni mwao, Nikodemo aliwauliza swali dogo: je, torati yetu humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza na kujua alichofanya? Swali lile liliwakera, lakini lilikuwa la haki. Basi nami pale mkutanoni niliuliza swali moja tu: ni nani amefungua pampu? Wakatazamana. Watu walikuwa wamefungua midomo wiki mbili nzima, lakini pampu hakuna aliyeifungua.

Tukakubaliana aitwe fundi. Alikuja mzee mmoja wa Kisomali ambaye miaka mingi ametengeneza pampu za mashamba ya kando ya Tana, kule kwenye maembe, ndizi na matikiti. Watu wa mashamba wanamheshimu kwa sababu habahatishi. Alifika na mfuko wa spana, akaomba maji ya kunywa, akaketi.

Vijana walikuwa wanamvuta upande wa nozeli wamwonyeshe jinsi maji yanavyotoka vibaya. Mzee akasema, "Hapo nitafika. Kwanza nionyesheni inakunywa wapi."

Ndugu yangu, dada yangu, ukisahau mengine yote ya leo, shika swali hilo. Inakunywa wapi?

Kabla sijaendelea, nieleze kile alichotufundisha, maana ndani yake mna mahubiri. Watu hudhani pampu ndiyo inayotengeneza presha. Sivyo. Kazi ya pampu ni kusukuma kiasi fulani cha maji kila inapozunguka. Presha huzaliwa pale maji mengi yanapolazimika kupita kwenye tundu dogo la nozeli. Sasa pistoni ikivuta maji matupu, maji hayabonyezeki, yatapita kwa nguvu. Lakini pistoni ikivuta maji yaliyochanganyika na hewa, hewa inabonyea kama sponji. Pistoni inahangaika kubonyeza hewa, na kwenye nozeli hakuna kinachofika. Hapo unaweza kuzungusha injini mpaka ilie, utapata kelele tu. Mashine haikukosa bidii. Ilikosa kitu cha kusukuma.

Je, humjui mtumishi wa namna hiyo? Anaimba, anafunga, anakemea, anapanga mikutano, sauti imekauka, lakini ndani mna hewa. Amekuwa akitoa bila kuingiza. Tatizo lake si uvivu. Mwambie apunguze moto wa injini, atazame tangi.

JAMBO LA KWANZA: CHUJIO.

Mzee alivua saa yake, akaingiza mkono ndani ya tangi, akavuta mpira wa kuvuta maji. Mwisho wa mpira ule pana chujio. Lilikuwa limefunikwa tope laini kama uji. Akauliza, maji haya ni ya wapi? Wakamwambia ni ya mto, yameletwa na mkokoteni wa punda.

Wewe unayeishi hapa unaujua mto wetu. Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya. Unaanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa ya umeme, Masinga mpaka Kiambere, kisha unatufikia sisi. Mvua ikinyesha sana huko juu, hapa tunaona maji ya kahawia hata kama mbingu yetu ni kavu. Mliona El Nino ya mwisho wa 2023, na tena Aprili 2024, jinsi mto ulivyojaa mpaka barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo. Mvua ilinyesha kwa wengine, tope likatufikia sisi.

Ndivyo maisha yalivyo. Tope lililo kwenye chujio lako pengine hukulikoroga wewe. Ni maneno ya ndoa ya wazazi wako, ni uchungu wa miaka ya nyuma, ni habari mbaya unazomeza kwenye simu kila asubuhi kabla ya kusema na Mungu. Hukuzianzisha, lakini chujio ni lako, na kulisafisha ni kazi yako. Mithali 4:23 inatuagiza tulinde moyo kuliko vyote, kwa sababu uzima unatiririka kutoka huko.

JAMBO LA PILI: UFA USIOVUJA.

Chujio likaoshwa, mashine ikawashwa. Presha ikapanda kidogo, lakini mshale bado ulitetemeka. Mzee akatazama mpira wa kurudisha maji kwenye tangi. Mlikuwa na mapovu. Akasema, hewa inaingia mahali.

Hapa nilijifunza kitu ambacho nimekihubiri mara tatu tangu siku ile. Mpira unaosukuma maji ukipasuka, utajua mara moja, kwa sababu maji yanaruka nje na kila mtu anaona. Lakini mpira unaovuta ukipasuka, hakuna hata tone linalotoka. Nje pako pakavu kabisa. Ufa ule unaingiza hewa ndani, kimya kimya, na anayeutazama anasema mpira huu ni mzima.

Mzee alichukua povu la sabuni ya kuoshea magari akalipaka polepole, kuanzia kwenye tangi mpaka kwenye pampu. Alipofika kwenye kiungo, mahali mpira ulipofungwa kwa waya badala ya klipu, povu likanyonywa ndani likapotea. Jua la Garissa lilikuwa limeuchoma mpira pale mpaka ukapasuka vipande vidogo kama ngozi ya kisigino. Akaufunga kwa muda na utepe uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mshale ukaanza kutulia tukiwa tunatazama.

Mpendwa, dhambi inayovuja nje kanisa huiona haraka. Mlevi tunamwona, mgomvi tunamsikia. Lakini kuna ufa wa upande wa kuvuta, ule ulio kati yako na Mungu peke yenu. Mtu ameacha kuomba peke yake tangu mwaka jana, lakini jukwaani bado anaomba vizuri. Mtu amemshika mwenzake moyoni, na bado wanasalimiana mlangoni. Hakuna tone linaloonekana. Dalili pekee ni kutetemeka: leo uko juu, kesho uko chini, na hujui kwa nini. Usingoje uone maji sakafuni. Paka povu. Pita na Roho Mtakatifu mahali hadi mahali, uone ni wapi panaponyonya.

JAMBO LA TATU: CHEMBE MOJA.

Presha sasa ilikuwa imerudi kwa sehemu kubwa, lakini mpira mrefu bado uliruka kidogo. Mzee akasema kila pistoni ina valvu mbili, ya kuingizia na ya kutolea, kwa hiyo kuna valvu sita. Moja ikikataa kufunga, pistoni moja kati ya tatu inafanya kazi bure: inavuta maji na kuyarudisha kule yalikotoka. Zile nyingine mbili zinasukuma, kisha pengo, zinasukuma, kisha pengo. Hilo pengo ndilo linaloufanya mpira uruke.

Akazima injini. Akabonyeza kifyatuo cha mkono wa kunyunyizia mpaka maji yote yenye presha yakatoka. Kisha, kabla hajashika spana, akawaita wote sita wasogee. Akawaonyesha nati za kichwa cha pampu. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imepita juu ya nati na juu ya chuma bila mstari hata mmoja. Akasema, "Tazameni wenyewe. Pampu hii haijawahi kufunguliwa na mtu tangu itoke kiwandani."

Hakusema kingine. Uwanja wote ulinyamaza.

Alipozungusha spana, rangi ile ilipasuka mbele ya macho yao. Ndani, valvu zote sita zilikuwa za aina moja, umri mmoja. Chini ya mojawapo palikuwa na chembe ya mchanga, ndogo kuliko punje ya mtama. Chembe ile ilikuwa imepita wakati chujio lilipochakaa pembeni. Akaitoa kwa ncha ya bisibisi, akasugua valvu taratibu kwenye msasa laini, akairudisha.

Watu sita, wiki mbili za hasara, urafiki wa utotoni, fungu la kijana, amani ya mtaa, vyote vilikuwa vimeng'ang'ania chembe moja ya mchanga na kiungo kilichofungwa kwa waya. Na mtu aliyehukumiwa hakuwa ameigusa pampu.

JAMBO LA NNE: SILI NA MAFUTA.

Mwisho mzee alikagua kioo cha oili. Alitufundisha kwamba oili ya pampu ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamepita kwenye sili na kuingia upande wa mafuta, na hapo gharama ni kubwa. Yetu ilikuwa safi. Lakini chini ya pampu palikuwa na matone mawili matatu. Akaonyesha vikombe vitatu vya grisi juu ya pistoni. Vinatakiwa kujazwa na kukazwa kidogo mara kwa mara ili grisi ishuke kwenye sili. Hakuna aliyekuwa akivigusa. Sili zikikaa kavu huisha kabla ya wakati.

Nilifikiria ni watumishi wangapi tunaowatumia hivyo. Waimbaji, walinda mlango, akina mama wa jikoni, watunza sauti. Wanazunguka kila Jumapili, na hakuna aliyewaambia asante tangu Pasaka. Kisha siku moja wanavuja, na tunashangaa.

Mashine ikawashwa mara ya mwisho. Injini haikuhitaji kunguruma. Mshale ukapanda ukasimama. Maji yakatoka kama upanga, na vumbi la Wajir likaondoka kwenye ubavu wa lori lililokuwa likisubiri.

Yule aliyekuwa mbele kumshtaki kijana alisimama kitambo kirefu ameshika kitambaa mkononi. Kisha akamwendea akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikusingizia." Kijana alimpa mkono. Lakini alisema neno moja ambalo nataka kila kiongozi wa chama, wa kwaya na wa familia alisikie. Alisema, "Mmenisema wiki mbili, lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kilipona saa ile ile. Kwa siku kadhaa kijana alikula chakula cha mchana peke yake, mbali kidogo na wenzake. Pampu hutengenezwa kwa saa mbili, moyo wa mtu huchukua muda wake. Lakini alibaki kazini, na fungu lake likabaki. Wenzake walimkabidhi yeye ufunguo wa tangi. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajawasha injini, yeye ndiye anayetoa chujio na kuliosha.

Sasa nakugeukia wewe unayesoma. Jibu maswali haya mbele za Mungu, si mbele yangu.

1. Unakunywa wapi? Kabla ya kulalamika kwamba maombi yako hayana nguvu, hesabu wiki hii umeingiza nini. Neno kiasi gani, na maneno ya watu kiasi gani?

2. Ufa wako wa upande wa kuvuta ni upi, ule ambao hakuna mtu anayeuona kwa sababu hautoi maji nje?

3. Je, unaongeza moto wa injini ili kufunika ukosefu wa maji? Pampu inayozunguka bila maji huharibika kwa muda mfupi sana, kwa maana maji yenyewe ndiyo yanayoipoza. Kazi ya Mungu bila Mungu itakula wewe mwenyewe.

4. Ni nani umemhukumu bila kufungua pampu? Mume? Mfanyakazi wa nyumbani? Mtunza hazina wa chama? Jirani wa imani nyingine? Mtafute leo. Muulize kabla hujamsema.

Na kwa vijana wetu walio na mashine hizi, kuanzia Garissa mpaka Mandera, chukueni haya bure. Maji ya mto yaacheni yatulie usiku mzima kabla ya kuyatumia, na chujio lisiguse sakafu ya tangi. Fungeni viungo kwa klipu, si kwa waya. Mipira ikae kivulini. Vikombe vya grisi visikae bila kitu. Msizungushe pampu tangi likiwa tupu. Kabla ya kufungua chochote, zimeni injini na mtoe presha. Na maji yale msimwelekezee mtu hata kwa mchezo, yanaweza kupasua ngozi na kuingia mwilini. Ikiharibika, fuateni njia ya yule mzee: tangi, chujio, mpira wa kuvuta, viungo, nozeli, mkono wa kurekebisha presha, valvu, sili. Anzeni na kisicho na gharama. Sehemu kubwa ya matatizo mtayamaliza kabla ya kununua hata kipuri kimoja.

Tuombe.

Baba katika jina la Yesu, wewe uliyeponya maji ya Yeriko pale yanapoanzia, tembea mpaka kwenye chemchemi zetu. Ondoa tope tulilojikorogea na tope tuliloletewa. Tuonyeshe ufa usiovuja. Toa chembe iliyokwama tusiyoijua. Utupe uvumilivu wa kuchunguza kabla ya kushtaki, na unyenyekevu wa kusema nisamehe tunapogundua kwamba mwenzetu hakukosa. Linda Garissa. Linda Wajir na Mandera. Waponye waliopoteza wapendwa wao katika ardhi hii, na usiruhusu maumivu yetu yawe hukumu ya mtu asiye na hatia. Wakumbuke vijana wetu wanaotafuta riziki kwa jasho, mikono yao isikose kazi. Katika jina la Yesu Kristo tumeomba.

Kama umepokea, andika AMINA hapo chini. Na kama kuna mtu limekujia jina lake ukiwa unasoma, usimtumie ujumbe huu kwanza. Mpigie simu, umsikilize.

Tuonane Jumapili ibadani. Njoo mapema, na uje umekunywa.

Mungu akubariki.